Baridi Yabisi Ilipofika Moyoni

Wenzangu mnaobaki maabara mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla kumbukumbu hazijaanza kuchanganyika. Habari za vyeo naziacha. Waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo hawatakosa kitu. Nitaandika juu ya watu walionifundisha kazi, na juu ya mama mmoja wa Igamba ambaye damu yake ilinifanya niielewe kazi hiyo upya, wakati nilishadhani naijua.

Mimi ni mtoto wa Isongole, Ileje, na nyumbani tulizungumza Kindali. Nilipopangiwa hospitali yetu huku Mbozi nilifika mwezi wa Juni, wakati ambao wenyeji wenyewe hukohoa na kulalamika. Nilikuwa na koti jeupe jipya, cheti cha maabara, na imani kwamba darubini ni chombo cha kunifanya niheshimike. Mkuu wa maabara, Mzee Halinga, alinipokea mlangoni, akaniangalia viatu, akasema, "Binti, hapa tunasimama sana. Kesho njoo na vingine."

Mzee Halinga alikuwa Mnyiha wa Ihanda, mtu mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Kila asubuhi ya baridi alitoa kichupa kwenye friji akakiweka mfuko wa ndani wa koti lake, upande wa kwapani, kisha akaendelea na shughuli. Nilidhani ni dawa yake ya kikohozi. Kumbe kilikuwa kitendanishi, dawa ya kupimia baridi yabisi.

"Kikiwa cha baridi hakifanyi kazi yake," alinieleza nilipothubutu kumuuliza. "Utasema mgonjwa hana kitu, na yeye vidole vimemvimba kama mihogo. Kipashe joto kwanza."

Wengi wenu mnakifahamu kipimo hicho, ila nawaandikia na watakaokuja. Unachukua tone la seramu, yale majimaji ya njano yanayobaki juu damu ikishazungushwa kwenye mashine. Unaongeza tone la kitendanishi cheupe kama maziwa, juu ya kioo cheusi, na unatikisa polepole kwa dakika mbili. Mchanganyiko ukibaki laini, kingamwili tunazozitafuta hazikuonekana. Ukikatika vichembevichembe kama maziwa yanayoanza kuganda, zipo. Kingamwili za kawaida hupambana na wadudu wa maradhi. Hizi huugeukia mwili wa mwenyewe.

Mzee Halinga hakuridhika na jibu la "zipo". Alinifanya niipunguze seramu kwa maji ya chumvi, nusu, tena nusu, tena nusu, na kila mara nitikise upya mpaka vichembe vipotee. "Nataka kujua zipo kwa kiasi gani," alisema. Sikuona sababu. Wakati ule mgonjwa wa vichembe vichache na mgonjwa wa vichembe vingi walitoka dirishani na dawa ileile ya maumivu. Lakini nilifanya, kwa sababu Mzee Halinga alikuwa amesimama nyuma yangu, na baadaye kwa sababu mikono ilishazoea.

Katikati nilihamishiwa Tunduma kwa miaka kadhaa. Huko sikukutana sana na baridi yabisi. Nilipima malaria, nilipima damu za madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka, na za wafanyabiashara wa kike waliokuja na haraka zao wakinisalimu "mulishani" kwa Kibemba na kutaka jibu kabla sijavaa glovu. Nilijifunza kuwa mwepesi. Nilijifunza pia kwamba mtu anayesema "naumwa viungo tu" mara nyingi amemeza dawa za maumivu za dukani kwa miezi mingi kabla ya kufika kwetu.

Niliporudi Mbozi Mzee Halinga alikuwa amestaafu, na kiti chake nilipewa mimi. Ndipo alipokuja Daktari Rukia.

Alikuwa mtu wa Tanga, mdogo wa umbo, na wiki zake za kwanza alivaa sweta mbili chini ya koti la kazi. Wauguzi walimcheka kidogo. Hakujali. Alikuwa na desturi ya kuja mwenyewe maabara kufuata majibu, jambo ambalo madaktari wengine walilifanya tu jibu likichelewa. Siku ya kwanza aliyokuja alikuta nimeandika kiasi cha kingamwili kwa mgonjwa mmoja wa baridi yabisi, si "zipo" peke yake.

"Nani alikufundisha kupima hivi?" aliuliza.

"Mzee wangu, Halinga. Amestaafu."

"Nipeleke siku moja nikamsalimie."

Tukaenda kweli, Jumapili baada ya ibada. Walikaa uwanjani kwa mzee wakanywa chai wakizungumza habari za seramu kama watu wengine wanavyozungumza habari za mpira. Njiani tukirudi kutoka Ihanda ndipo aliponieleza kwa nini kiasi kilikuwa na maana kwake. Alisema watu wenye baridi yabisi ya aina hii, hasa wale ambao kingamwili zao ziko juu, hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo mapema kuliko wenzao. Uvimbe ule wa vidoleni hauishii vidoleni. Unapita na damu, na kuta za ndani za mishipa nazo zinachokozeka, zinakuwa nene, mafuta yanaganda hapo, na siku moja njia inaziba.

"Kwa hiyo nikiona vichembe kwenye kioo, nimeona moyo?" nilimuuliza.

"Hapana, Dada Sekela. Umeona mlango wa kugonga. Kuna wenye kingamwili nyingi na mishipa yao ni mizima. Lakini lazima tugonge."

Nilipenda alivyojibu. Nimefanya kazi na wasomi wengi, na wachache ndio waliojua kusema jambo bila kuliongezea chumvi.

Eliza aliletwa kwetu na mumewe, Amosi, mwanzoni mwa mavuno ya kahawa. Walikuwa wakulima wa Igamba, na Eliza alikuwa hajafika miaka arobaini. Kila asubuhi vidole vyake vilikaza mpaka jua lipande. Hakuweza kukamua nguo wala kuchuma kahawa. Kibaya zaidi kwake, alishindwa kusuka nywele za binti zake. Nilipomfunga mpira mkononi ili nitoe damu alisema, "Dada, chukua tu. Mimi nimechoka kuulizwa nimerogwa na nani."

Seramu yake niliigawa nusu, nusu, nusu, na vichembe havikutaka kupotea. Nilikuwa sijawahi kuona kiasi kile. Tulituma na sampuli nyingine Mbeya kwa kipimo cha kingamwili za aina nyingine, ambacho sisi hatukuwa nacho, nacho kilirudi kikisema hivyohivyo. Nilimpelekea Daktari Rukia jibu kwa mkono wangu, na nilikuwepo chumbani alipowaeleza.

Eliza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi mwenyewe ninayejipiga?"

"Si wewe," alisema Rukia. "Umewahi kuwaona mgambo Tunduma wakivamia soko, wanamkamata hata asiyehusika? Ndivyo hivyo. Wamekosea mtu. Tutawapa dawa watulie."

Amosi alicheka, akaacha alipoona mkewe hacheki. "Na watatulia?" aliuliza.

"Wengi wao. Ila dawa hii inamezwa mara moja tu kwa wiki. Ukimeza kila siku itakuua wewe badala yao. Chagueni siku."

"Jumatano," alisema Amosi. "Siku ya kwaya. Hawezi kuisahau."

Baada ya hapo Rukia alimpima presha, ikawa juu, na mafuta kwenye damu, nayo hayakuwa mazuri. Akamwambia anataka kumwangalia mishipa ya shingo kwa ile mashine ya picha. Mashine ile, wenzangu, mnajua ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Tulisubiri mama wa mwisho atoke. Eliza alilazwa kitandani, akapakwa yale mafuta ya baridi shingoni, na Amosi aliyesimama kando akashindwa kunyamaza.

"Daktari, samahani. Shingoni kuna mtoto gani?"

Hata Eliza alicheka siku hiyo. Rukia aligeuza kioo cha mashine ili waone wote wawili. Aliwaonyesha mshipa, njia nyeusi katikati, na kuta zake nyeupe juu na chini. Akaweka kidole mahali ambapo ukuta mmoja ulikuwa umevimba kuelekea ndani, kilima kidogo tu. Kwa mama wa umri ule, asiyevuta sigara, asiye na kisukari, mwembamba kama fito, kilima kile hakikutakiwa kuwepo.

"Shingo inatuonyesha tu," alisema. "Mishipa ya moyo inaweza kuwa hivihivi. Eliza, ukihisi kifua kinabanwa, au pumzi inakata ukipanda kilima, usiseme ni tumbo. Njoo hapa. Amosi, umesikia?"

"Nimesikia, na nimeona," alisema Amosi.

Miezi iliyofuata Eliza alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Kila alipokuja nilimpima ini na chembe za damu, kwa maana dawa ile ina ukali wake na haitaki mtu asiyefuatiliwa. Vidole vililegea. Wakati bado havijalegea, Amosi alikuwa anafua yeye, akikamua mashuka mtoni mbele ya wanawake wa jirani waliomtania mpaka wakachoka. Aliwaambia ana mikono miwili na ameoa mwenye mikono mibovu, hesabu inatosha. Nilimheshimu kwa hilo kuliko wanaume wengi wenye suti.

Kisha mavuno ya mwaka uliofuata yakafika, na Eliza akapotea kliniki. Alikuwa amepata nafuu, na ukiwa na nafuu msimu wa kahawa hutaki kupoteza siku. Dawa iliisha, hakufuata nyingine. Vidole vilipoanza kuuma tena alinunua vidonge vya maumivu dukani, vilevile ambavyo Rukia alimkataza kwa sababu vinapandisha presha na kuuchosha moyo.

Asubuhi moja, akibeba ndoo ya kahawa mbivu kwenda kwenye mashine ya kumenya, kifua kilimbana akaketi chini. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Akatapika. Amosi alimpeleka kituo cha karibu, na huko wakamsikiliza, wakaona mama kijana anayetapika, wakampa dawa ya asidi ya tumbo na ruhusa ya kurudi nyumbani. Siwalaumu. Wengi wetu tungefanya hivyohivyo.

Amosi hakurudi nyumbani. Alimwambia yule mhudumu, kwa upole, kama alivyotusimulia baadaye, "Ndugu yangu, mimi nimeuona mshipa wa mke wangu kwa macho. Huu si ugonjwa wa tumbo." Akasimamisha gari dogo lililokuwa limepakia magunia ya kahawa, akamwomba dereva ashushe baadhi, akampandisha mkewe mbele.

Nilikuwa natoka dirishani kuita majina nilipomwona kwenye benchi. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado inauma, na Eliza alikuwa anatiririka jasho, uso wake una rangi ya majivu. Sikumwita mtu kwa jina. Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Rukia, nikafungua mlango bila kugonga.

"Eliza wa Igamba yupo nje. Ni kifua."

Aliacha mgonjwa aliyekuwa naye na kumwomba radhi akiwa tayari anatembea. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka kwenye mashine huku karatasi ikijikunja, na nilimwona akiivuta na kuisoma. Akanigeukia. "Una kile kipimo cha haraka cha moyo?"

Nilikuwa navyo vichache, vimekaa kabatini karibu kuisha muda. Niliweka damu ya Eliza nikasubiri. Nimesubiri majibu maisha yangu yote ya kazi, na sidhani kama kuna lililochelewa kama lile. Mstari wa kwanza ukatokea, ule unaoonyesha tu kwamba kipimo ni kizima. Kisha ukatokea wa pili, ule wa moyo ulioumia, hafifu, halafu ukakolea.

Rukia alimpa aspirini atafune, akampa na dawa nyingine, akamwekea oksijeni, akaita gari la wagonjwa. Muuguzi mmoja alinong'ona, "Mama mdogo hivi, moyo?" Rukia alisikia, akajibu bila ukali, "Ndiyo. Katika ugonjwa huu moyo unazeeka kabla ya uso."

Aliingia mwenyewe kwenye gari kwenda Mbeya. Amosi alitaka kupanda, akakumbuka magunia ya watu yaliyoachwa barabarani, akasimama asijue aende wapi. Nilimwambia apande, magunia tutayaulizia. Gari likaondoka likipiga king'ora katikati ya malori yanayotoka mpakani.

Sikuwepo Mbeya, kwa hiyo huko sitasimulia. Ninachojua ni kwamba Rukia alirudi na nguo zilezile alizoondoka nazo, akaja maabara badala ya kwenda kulala, akaketi kwenye kiti changu, akasema, "Yuko hai. Moyo umeumia, ila yuko hai." Nilimpikia chai. Alilia kidogo, akainywa ikiwa bado ya moto, akaenda kuona wagonjwa wa wodini.

Eliza alirudi kliniki baada ya wiki kadhaa, anatembea polepole, Amosi nyuma yake na mfuko wa dawa. Rukia hakumgombeza. Alimuuliza tu ni nini kilichomfanya aache.

"Nilipona vidole," alisema Eliza. "Nikafikiri ugonjwa umeondoka. Sikujua ulikuwa umehama chumba."

Tangu hapo hakuacha tena. Na alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alisimama kanisani kwao, baada ya matangazo, akawaambia wanawake wenzake kwamba mwenye vidole vinavyokaza asubuhi asikae nyumbani akimtafuta mchawi. Akaonyesha vyake. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, kutoka Igamba na vijiji vya jirani, wengine wakiwa na uvimbe mchanga kabisa, na nilikuwa nawatambua kabla hawajaketi, maana wote waliniambia, "Tumetumwa na Eliza. Amesema mtuangalie na shingo."

Si wote waliokuwa na kingamwili. Wengine walikuwa na uchovu wa jembe tu, tukawaambia hivyo. Waliokuwa nazo, Daktari Rukia aliwafuatilia presha, mafuta na moyo kama alivyowafuatilia vidole, na akatuzoesha sisi wote kufanya hivyo, mpaka alipoondoka kwenda kusoma zaidi. Siku ya kumuaga, Mzee Halinga alikuja na fimbo yake. Alimpa mkono, akamwambia, "Wewe ulizipatia kazi zangu zile za nusu kwa nusu mahali pa kwenda." Sijawahi kumsikia mzee yule akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo.

Mimi nimestaafu mwaka huu. Mwezi uliopita Eliza na Amosi walinialika Igamba, mavuno yakiwa yamekwisha. Walitaka kunionyesha miche mipya waliyopanda juu ya kilima. Eliza alitangulia, kwa mwendo wake aliofundishwa, hatua, pumzi, hatua, akizungumza juu ya ukungu wa kahawa na harusi ya binti yake mkubwa. Mimi nilimfuata nikimwitikia. Katikati ya kilima pumzi ikanikata, nikawa siitikii tena.

Aligeuka, akaniangalia.

"Dada Sekela, mara ya mwisho wewe ulipimwa lini presha?"

"Mimi?"

"Wewe. Hapa yupo mwingine?"

Nilianza kumweleza habari za uzito, na umri, na kazi ya kusimama. Alisubiri nimalize, kwa subira ileile ambayo sisi watu wa hospitali tunaitumia kwa wagonjwa wanaojidanganya.

"Wewe umenitoa damu miaka yote hii," alisema, "na mimi sijakuona hata siku moja umeketi kwenye lile benchi. Jumatatu nakuja kukuchukua."

Amosi, aliyekuwa nyuma yetu, alisema ni bora nikubali, kwa maana yeye amewahi kujaribu kubishana naye.

Jumatatu Eliza alifika kwangu mapema, amevaa kitenge cha kanisani. Tukaketi benchini pamoja, tukangoja zamu kama watu wengine. Presha yangu ilikuwa juu, juu kweli, na daktari kijana aliyenipima aliniuliza maswali ambayo nilikuwa nayajua yote, ila sikuwahi kuyajibu. Kisha akanituma maabara. Msichana aliyechukua kiti changu aliponiona alitaka kusimama. Nilimwambia akae, afanye kazi yake.

Alinifunga mpira mkononi, akatafuta mshipa. "Mama, kunja ngumi," alisema.

Nikakunja. Mkono wangu wa pili Eliza aliushika kwa vidole vyake vilivyopinda, akaukaza, mpaka sindano ilipotoka.